Vibanda Viwili vya Mabati: Habari za Geoffrey Griffin na Watoto wa Nairobi

Naamini madaftari yako tayari, na aliyesahau miwani yake nyumbani amekwisha kukaa karibu na mwenzake amsomee.

Katika somo lililopita tulizungumza jinsi mji wa Dar es Salaam ulivyopanuka hata ukatufikia sisi huku, palipokuwa mashamba. Leo tutazungumza juu ya watoto ambao miji huwavuta, na juu ya mtu mmoja aliyejaribu kuwasaidia. Mtu huyu hakuishi hapa kwetu. Aliishi Nairobi, nchini Kenya. Lakini tutaanza hapa Dar es Salaam, maana bila kujua desturi ya zamani juu ya watoto wa mjini hatutaona ugeni wa jambo alilolifanya.

Mtoto huondoka kwao kwa sababu nyingi. Mama amefariki, baba ameoa tena, chakula hakitoshi, fimbo zimezidi, au rafiki amemwambia kwamba mjini fedha zipo. Akifika mjini hana kazi wala mahali pa kulala. Watawala wa Kiingereza walikuwa na jibu lao. Katika mwaka wa 1944 walitunga sheria ya kuwaondoa katika miji watu waliowaita wasiotakiwa. Vijana na watu wazima wasio na kazi walikamatwa Dar es Salaam wakarudishwa mikoani kwao. Wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi. Akikamatwa alirudishwa, akirudishwa alirudi tena.

Tusidhani kwamba jibu hilo lilikwisha pamoja na ukoloni. Katika mwaka wa 1983, miaka 22 baada ya Uhuru, ilikuja ile kampeni ya Nguvu Kazi, ambayo wazee mliomo darasani mnaikumbuka vizuri kuliko mimi niliyeisoma vitabuni. Watu wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa mjini wapelekwe mashambani. Nia yake ilielezwa kuwa njema, nayo ni kila mtu afanye kazi. Lakini kwa yule kijana aliyekamatwa kituo cha basi, tofauti kati ya gari la mkoloni na gari la Nguvu Kazi haikuwa kubwa.

Kenya nako desturi ilikuwa hiyo hiyo. Mtoto aliyekutwa akizurura Nairobi alikamatwa akarudishwa kwao, au akapelekwa mahakamani. Sasa basi, tuvuke mpaka, twende Nairobi.

Geoffrey William Griffin alizaliwa katika mji wa Eldoret, magharibi mwa Kenya, tarehe 13 Juni 1933. Wazazi wake walikuwa Wazungu, na baba yake alikuwa ofisa wa polisi wa serikali ya kikoloni. Alisoma katika shule za watoto wa Kizungu, maana wakati huo shule za Kenya zilitengwa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Alipomaliza shule alifanya kazi ya upimaji wa ardhi. Mpaka hapo maisha yake hayakuwa tofauti na ya vijana wengine wa kisetla.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana wa Kenya, Evelyn Baring, alitangaza Hali ya Hatari. Andikeni maneno hayo mawili. Maana yake ni kwamba serikali ilijipa uwezo wa kumkamata mtu na kumfunga bila kumpeleka mahakamani. Sababu yake ilikuwa vita vya Mau Mau, ambavyo Wakikuyu wengi, pamoja na Waembu na Wameru, walivipigana kwa ajili ya ardhi na uhuru. Griffin, akiwa bado kijana, aliingia jeshini akapigana upande wa serikali. Jambo hili sitalificha. Ni sehemu ya habari zake.

Lakini alipokuwa jeshini aliona mambo ambayo hakuyapenda. Alipotakiwa aendelee na kazi ya uofisa alikataa, kwa sababu hakukubaliana na namna Waingereza walivyowatendea watu wa nchi. Wapo watu wengi walioona mambo hayo hayo wakaendelea kupokea mshahara. Yeye aliacha, akapewa kazi nyingine, ya kusimamia vijana waliofungwa kambini.

Hapo yafaa tusimame kidogo tueleze kambi hizo. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji wa Nairobi wakaupekua nyumba kwa nyumba. Wanaume maelfu kwa maelfu walikamatwa wakapelekwa katika kambi, na wanawake na watoto wengi wakarudishwa kwa nguvu katika maeneo ya Wakikuyu. Huko nako watu walihamishwa wakakusanywa katika vijiji vya lazima vyenye ulinzi wa askari. Fikiri wewe, mzazi unayesoma: baba yuko kambini Manyani, kule njia ya Mombasa, mama yuko kijijini na haruhusiwi kutoka bila kibali, babu amekufa, shamba halilimwi. Mtoto wa miaka kumi atakwenda wapi? Wengi walikwenda Nairobi. Wengine, waliokuwa wakubwa kidogo, walikamatwa na kutiwa kambini pamoja na watu wazima.

Griffin alifanya kazi na wavulana wa namna hiyo Manyani, na tangu mwaka wa 1955 katika kambi ya vijana ya Wamumu. Pale Wamumu wavulana walisoma, walijifunza ufundi, walicheza michezo, na walipewa madaraka ya kujisimamia wao wenyewe. Serikali ya kikoloni iliisifu sana kambi hiyo mbele ya wageni, ikaitumia kama pazia la kufunika mabaya yaliyotendeka katika kambi nyingine. Kwa hiyo tukiisifu Wamumu tukumbuke pia kwamba wavulana wale hawakuomba kuwako pale. Walifungwa bila hukumu. Waliofundishwa useremala pale walifundishwa wakiwa wafungwa.

Hata hivyo Griffin alijifunza jambo pale. Aliona kwamba mvulana ambaye serikali imekwisha kumwita mhalifu, ukimpa kazi ya kweli na madaraka ya kweli, hubadilika mbele ya macho yako. Aliliona pia jambo la pili. Wavulana walipotoka kambini walirudi katika mji usiokuwa na kazi, wala shule, wala mtu wa kuwapokea. Na kando yao walikuwako wadogo zaidi, ambao hawakupata kufungwa wala kusomeshwa, wanalala barabarani. Watu wa Nairobi huwaita watoto hawa chokoraa, kwa sababu ya kuchokora mapipa ya taka. Neno hilo limefika hata kwetu. Mimi silipendi, maana linamwita mtoto kwa jina la jalala alilokutwa nalo.

Basi katika mwezi wa Novemba mwaka wa 1959, Griffin akiwa na umri wa miaka 26, alifungua kituo cha kuwaokoa watoto hao. Hakuwa peke yake. Walikuwa watatu: yeye, Geoffrey Gatama Geturo na Joseph Kamiru Gikubu. Hawa wawili walikuwa wamefanya kazi pamoja naye katika kambi. Mara nyingi habari hizi husimuliwa kana kwamba Mzungu mmoja alikuja akawaokoa watoto wa Kiafrika. Majina ya Geturo na Gikubu yaandikeni katika madaftari yenu sawasawa na la Griffin. Tena angalieni tarehe: Novemba 1959. Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa. Iliondolewa Januari 1960. Mzungu aliyekuwa ofisa wa jeshi na Waafrika wawili walishirikiana kufungua nyumba ya watoto, wakati watu wa Kenya walikuwa bado wanaogopana.

Kituo kilianza na vibanda viwili vya mabati, kwa msaada wa makampuni ya mafuta ya Shell na BP. Ninyi mliojenga Goba mnakijua kibanda cha mabati: mchana ni tanuri, usiku ni baridi, na mvua ikinyesha hamsikilizani. Na Nairobi iko juu sana, usiku wake una baridi kuliko wetu. Lakini kwa mtoto aliyelala juzi chini ya ukumbi wa duka, hapo ndipo pa kulala penye mlango.

Jina la kituo likawa Starehe. Najua mmoja wenu amekwisha kucheka. Hapa Dar es Salaam ukisema unakwenda kwenye starehe, jirani atadhani unakwenda kwenye muziki na bia. Lakini neno hili lina maana ya zamani na nzuri: kutulia, kupumzika mwili na roho, kukaa bila hofu. Mgeni akiinuka kukupisha kiti, humwambii "Starehe, mwenzangu, kaa"? Ndiyo maana hiyo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hulirukia, nalo ni fedha. Kumhurumia mtoto leo ni rahisi. Unampa andazi, unampa shilingi mia tano, unakwenda zako. Kumlisha na kumsomesha kila siku kwa miaka minane ni kazi ya hesabu. Tufanye hesabu pamoja. Hii ni ya mfano tu, kwa fedha zetu. Tuseme mtoto mmoja anatumia shilingi 3,000 kwa siku, chakula na sabuni na daftari. Mwaka una siku 365. Zidisheni. Mtapata shilingi 1,095,000. Watoto mia moja watatumia shilingi 109,500,000 kwa mwaka. Na bado hatujamlipa mwalimu, hatujaezeka paa.

Griffin alitafuta fedha hizo kwa njia kadhaa. Aliwaendea wenye makampuni. Alipata msaada wa Save the Children, chama cha kusaidia watoto kilichoanzishwa Uingereza mwaka wa 1919. Alitumia sana njia ya wadhamini. Mdhamini ni mtu anayechukua mzigo wa mtoto mmoja na kulipa gharama zake, hata kama anakaa nchi ya mbali na hajapata kumwona. Griffin aliomba kila mahali, mwaka hata mwaka, mpaka uzeeni. Alipokuwa mzee aliyasimulia maisha yake kwa Yusuf King'ala, na kitabu kilichotoka mwaka wa 2005 kikamwita bingwa wa ombaomba wa Kenya. Hakuona haya kuitwa hivyo.

Baadaye, kituo kilipokwisha kuwa shule kubwa, iliongezwa njia nyingine. Shule ilikubali pia watoto wa wazazi wenye uwezo, nao wazazi wakalipa. Mzazi mwenye kidogo alilipa kidogo, na asiye na kitu hakulipa kitu. Kwa muda mrefu karibu wanafunzi 70 katika kila mia walisoma bure. Tukirudi kwenye hesabu yetu ya mfano: watoto 30 wakilipa yote, tumepata shilingi 32,850,000. Zinabaki shilingi 76,650,000 za kutafuta. Mzigo umepungua kwa karibu theluthi moja. Na jambo lililo zuri kuliko fedha ni kwamba mtoto wa waziri na mtoto wa mama muuza mchicha walivaa sare moja, wakala maharage ya sufuria moja, na wakafagia bweni kwa zamu.

Mtu anayeanza kazi kwa hesabu kama ya biashara, lakini faida yake anataka iwe ya watu na si ya mfuko wake, siku hizi huitwa mjasiriamali wa kijamii. Neno ni refu, lisomeni polepole: m-ja-si-ri-a-ma-li. Ni mtu mwenye kujasiri na mali. Wakati Griffin alipoanza neno hilo lilikuwa halijatumika, lakini kazi yenyewe ilikuwa hiyo.

Njia ya wadhamini ina faida, nami sitaki kuidharau, maana imewasomesha wengi. Lakini ina upande mwingine. Katika mipango ya namna hii duniani kote, kwa kawaida mtoto humwandikia mdhamini wake barua za kushukuru na kumweleza maendeleo yake. Mimi binafsi hunisumbua kidogo mtoto kujifunza kuandika kwanza kwa kushukuru. Afadhali ajifunze pia kuandika kwa kuuliza na kwa kukataa.

Na hapo ndipo Starehe ilipofanya jambo ambalo naliona kuwa kubwa kuliko majengo yake yote. Kila juma wanafunzi wote walikusanyika katika baraza. Katika baraza hilo mvulana ye yote, hata mdogo wa mwisho, aliweza kusimama akasema lililo moyoni mwake. Chakula ni kibaya. Mwalimu fulani ameonea. Kiranja amepiga mtu. Kwa nini tumeamshwa mapema? Aliyesema hakuadhibiwa kwa kusema, na mkurugenzi alipaswa kumjibu pale pale, mbele ya wote. Tena kazi nyingi za kuongoza shule ziliwekwa mikononi mwa wanafunzi wenyewe na viongozi wao. Miaka ile katika shule nyingi za bweni za Afrika Mashariki wanafunzi walipochukizwa walivunja madirisha na kuchoma mabweni, kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine pa kusemea. Griffin aliandika kitabu juu ya kuongoza shule za bweni, nacho kinawafaa walimu wakuu hata leo.

Nauliza darasa: nyumbani kwako mtoto anaruhusiwa kusema kwamba umemwonea? Jibu libaki kwako. Mimi nilipojiuliza sikupenda jibu langu.

Mwito wa shule ni "Natulenge Juu". Ni Kiswahili safi, nasi tukitazame. Neno ni moja lakini ndani yake mna vipande vitatu: na, tu, lenge. "Kulenga" ni kuelekeza mshale au jiwe mahali unapotaka ligonge. "Tulenge" ni sisi sote tufanye hivyo. Na ile "na" ya mbele ni ya kuhimiza, kama tusemapo "naje", yaani basi aje. Kwa hiyo: haya, sote tulenge juu. Si juu ya mwenzako, juu, basi.

Wanafunzi walidaiwa pia kutoa. Wakati wa likizo walikwenda kufanya kazi bila malipo hospitalini na katika ofisi za serikali. Griffin alifikiri kwamba mtoto anayepokea siku zote, bila kutoa hata siku moja, anaharibika. Wazo hilo lina ukweli wake, ijapokuwa mtoto aliyelala barabarani kwa miaka miwili amekwisha kutoa ya kutosha.

Kenya ilipata Uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Wazungu wengi waliuza mashamba wakaondoka. Griffin alibaki. Serikali mpya ya Jomo Kenyatta, mtu ambaye serikali ya kikoloni ilikuwa imemfunga, ilimpa Griffin kazi ya kuanzisha Jeshi la Vijana wa Taifa mwaka wa 1964, ili vijana wasio na kazi wapate kazi, nidhamu na ufundi. Aliliongoza mpaka mwaka wa 1988, miaka 24, na wakati wote huo aliendelea kuwa mkurugenzi wa Starehe. Sisi hapa tulianzisha Jeshi la Kujenga Taifa mwaka wa 1963, kwa hiyo fikira kama hizo zilikuwa zikizunguka katika nchi zetu zote.

Mwaka wa 1971 Binti wa Malkia wa Uingereza, Anne, alifika Starehe pamoja na watu wa televisheni ya BBC, na watoto wa Uingereza wakaiona shule hiyo majumbani mwao. Sifa zikaongezeka, na msaada ukaongezeka. Katika miaka ya 1980 na 1990 Starehe ilikuwa mara nyingi kati ya shule za juu kabisa katika mitihani ya taifa ya Kenya. Waliosoma pale wamekuwa madaktari, wahandisi, mawakili, wakuu wa mabenki. Watoto wa vibanda vya mabati!

Hapo nilipofika, nilipokuwa nikilijaribu somo hili katika darasa letu la Goba kabla ya kulisoma redioni, mama mmoja aliyekaa nyuma aliinua mkono. Alisema, "Mwalimu, shule ikiwa ya kwanza kwa mitihani, wazazi wa nchi nzima watataka watoto wao waingie. Na yule chokoraa asiyejua kusoma, ataingiaje?"

Sikuwa na jibu zuri, na nimekwenda nikalifikiri swali lake kwa siku kadhaa. Mama yule alisema kweli. Mwanzoni Starehe ilimchukua mtoto kwa sababu hana pa kulala. Ilipokuwa shule ya sekondari yenye sifa, ilimchukua mtoto kwa sababu mbili pamoja: ni maskini, na amefaulu vizuri sana. Mtoto maskini mwenye alama za juu alifunguliwa mlango mpana. Mtoto maskini ambaye hakupata kwenda shule, au alikwenda akiwa na njaa akasinzia darasani, mlango wake ulizidi kuwa mwembamba. Hakuna aliyekusudia ubaya. Nafasi zilikuwa chache, na waombaji walikuwa maelfu, na lazima pawe na njia ya kuchagua. Lakini mtihani humchagua yule aliyekwisha kupata msaada kidogo mahali fulani: mwalimu mmoja, shangazi mmoja, taa moja ya kusomea.

Mama yule alijua anachosema, maana yeye na ninyi wengi mnaosoma ukurasa huu mlikuwa watoto wa upande ule wa pili. Hamkushindwa mtihani. Hamkuufikia. Mmoja aliachishwa shule alee wadogo zake, mwingine alipelekwa kuchunga, mwingine aliletwa mjini kuwa mtumishi wa nyumba akiwa na miaka kumi na mmoja, akawa anawavalisha sare watoto wa wengine kila asubuhi.

Kwa hiyo nionavyo mimi, Griffin na wenzake walifanya kazi kubwa na ya kweli, na kazi hiyo haikutosha, nayo yote mawili yasemwe pamoja. Shule moja, hata iwe njema namna gani, haiwezi kufanya kazi ya nchi. Kenya iliondoa ada ya shule za msingi mwaka wa 2003. Sisi tuliiondoa mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2000, na kuanzia mwaka wa 2016 ada ikaondolewa katika shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne. Watoto wengi mno waliingia darasani kwa hatua hizo, wengi kuliko shule yo yote ya wahisani ingeweza kuwachukua. Lakini serikali ikifuta ada haimwamshi mtoto wa barabarani asubuhi, haimwogeshi, wala haimuulizi usiku amelala wapi. Hapo anatakiwa mtu, tena mtu mwenye subira.

Hata kwetu walipatikana watu wa namna hiyo. Mwaka wa 1992 Sista Jean Pruitt, mtawa kutoka Marekani, alianzisha hapa Dar es Salaam kituo cha watoto wa mitaani kilichoitwa Dogodogo. Jina hilo nalo lina uzuri wake. Halimwiti mtoto kwa jalala. Linamwita kwa umri wake tu. Na mwaka wa 2009 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Mtoto, inayosema kwamba mtoto ana haki ya chakula, malazi, matibabu, elimu, na ya kusikilizwa maoni yake. Ukiiweka sheria hiyo kando ya ile ya mwaka wa 1944 tuliyoanza nayo, utaona mwendo tuliokwenda.

Lipo jambo moja zaidi, nalo wanawake wa darasa letu waliliona kabla sijalisema. Habari zote hizi ni za wavulana. Wasichana walikuwa wapi? Msichana asiye na kwao hakuonekana sana barabarani, maana alimezwa upesi na majumba ya watu, jikoni na pabaya zaidi ya jikoni. Starehe ilifungua kituo cha wasichana mwaka wa 2005, miaka 46 baada ya vibanda vya wavulana. Griffin alikuwa amekwisha kuwa mgonjwa. Alifariki tarehe 28 Juni mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 72, bado mkurugenzi wa shule, akazikwa pale pale shuleni.

Kazi ya juma hili ni hii. Andika nusu ukurasa, kwa mkono wako mwenyewe, bila kujali makosa ya herufi, ujibu swali moja: Ulipokuwa mtoto, ni nani aliyeweza kukupeleka shule, na kilimzuia nini? Usiandike jina lake kama hutaki. Anayeona haya kuisoma mbele ya darasa atanipa mkononi. Na katika somo lijalo, kabla hatujaanza jambo jipya, tutafanya baraza la dakika kumi na tano juu ya darasa letu hili lenyewe: saa zake, benchi zake, na mwalimu wake. Semeni yaliyomo mioyoni.

Kwaherini.